Dakika Ishirini

Mara tatu kwa wiki, kwenye kona ileile ya Kibosho,
hatua chache kabla ya duka la Shirima,
bajaji ya umeme ya Elinaike ilizima.
Haikukohoa. Haikutoa moshi.
Husemwa moto huzaa majivu;
huu ulizaa kimya.

Magunia manne ya pumba nyuma, mlima mbele,
na wapita njia walishaanza kuipa kona hadithi:
pale aliwahi kuanguka fulani,
betri huogopa ukungu.
Shirima humtolea kigoda,
naye huketi, humenya ndizi, husubiri dakika ishirini,
kisha bajaji huamka kama haikutokea kitu.

Dakika hizo ndizo zilizonitia shaka.
Kilichokufa hakifufuki kwa kupumzishwa.
Kilichochoka, ndiyo.

Alipoileta gereji, Njoro, niliinua kiti,
nikaweka kiganja juu ya kontrola
nikakiondoa upesi kuliko nilivyokiweka.
Ilifungwa juu ya ubao wa plaiwudi,
mapezi yake kifudifudi, hayaoni upepo,
juu yake koti la mvua na stakabadhi za maziwa.
"Fundi gani huyu!" nikasema kwa sauti, Eliakimu asikie ajifunze.
Nikageuza ubao.
Vipimo kwa penseli,
na zile saba zenye mkanda kiunoni:
saba zangu.

Bajaji ilishapita mikono miwili kabla ya kumfikia yeye.
Sikusema kitu. Nilichukua msumeno.

Bamba la alumini, unene wa kidole,
nililinunua kwa kilo kwenye vyuma chakavu, Kiborloni.
Nikaweka msasa juu ya kioo, nikalisugua duara kwa duara
mpaka rula ilipolala juu yake
na mwanga ukakosa pa kupita.
Eliakimu alitaka kupaka grisi kama siagi ya sikukuu.
Nikamwambia, ipake kama mwenye deni;
kazi yake ni kuziba vinyweleo,
ikizidi inageuka blanketi.
Bolti tulizikaza kwa msalaba,
kidogo hapa, kidogo kule,
kama unavyowagawia nyama ndugu wasiopatana.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Joto usilingojee hiyo ya tatu:
lionyeshe mlango lingali linapiga hodi.

Kwa hiyo mapezi tuliyasimamisha wima,
mbele, ubavuni, upepo unapopita,
juu ya mahali tope la gurudumu linapoishia.
Hewa ya moto hupanda yenyewe
kama watu wetu mwezi wa Desemba;
huisukumi, unaiachia njia tu.
Nyaya tuliziacha zilegee chini kidogo kabla ya kuingia,
mvua idondoke,
isifuate waya hadi ndani.

Jumamosi tulipanda.
Niliomba magunia yawe matano.
Nilikaa karibu na bamba, mkono juu yake,
tangu lami ilipoanza kuinuka.
Likapata uvuguvugu. Likapata joto.
Nilifurahi kama mtu aliyepokea barua:
kilichokuwa kimefungiwa ndani
sasa kilikuwa kiganjani mwangu, kikienda zake.
Kikombe cha chai unachoweza kukishika. Hakikuzidi hapo.

Kona ikaja.
Shirima, kwa mazoea, alishatoka na kigoda.
Elinaike alimpungia, hakupunguza mwendo,
na mzee wa watu akabaki amekikumbatia barabarani.

Huko juu, getini kwake, nikamwambia ubao ule ulikuwa wa nani.
Alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo:
wiki, mara tatu, dakika ishirini.
Hakufika mwisho wa hesabu.
Akafungua mlango wa nyuma, akasogea kando.
"Basi shusha," akasema. "Yote matano."