Viraka vya Shausiku

Fundi Bilali akifagia kibanda chake, Kitongoni,
hukusanya masalio kwenye mfuko wa sembe:
pembe za kanzu, mikia ya baibui.
Yeye hashoni maua.
Shausiku huuchukua kwa mia tano
na salamu ndefu.

Majirani: "Blanketi bila nyekundu? Hata kijani?
Litatia baridi hilo, mama."
Hajibu. Uzi u mdomoni.

Humtazama kanga wa kwa Ruhomvya,
ndege asiyejua jina lake linauzwa dukani kwa doti;
huyasoma madoa yake, hukata.
Humtazama kunguru, shati jeupe ndani ya koti,
hukata.
Usiku usio na mwezi hutoka uani:
karabai za dagaa zimelitoboa ziwa.
Hurudi ndani, akapachika vidogo juu ya vikubwa.

Nyeupe peke yake, asema, ni sanda.
Nyeusi peke yake, kaniki ya msiba.
Zishone pamoja
upate jicho.

Siku ya kulitandaza, mjukuu wake Zainamu
alipitisha kidole: nyeusi, nyeupe,
nyeusi, nyeupe,
kisha nyeusi tano zimefuatana kama siafu.
"Bibi, hapa ulikosea?"

"Hapo umeme ulikatika.
Nikaendelea kwa vidole."

Hakufumua.
Na mtoto, katika blanketi zima,
ni hapo tu anapolaza shavu.