Mstari wa Chaki

Alfajiri ile Tukuyu mvua haikunyesha, ilikaa tu hewani.
Nikashuka buchani kwa Mwakyoma na bakuli la aluminiamu.
"Ubongo wa ng'ombe, na ule uzi unaopita mgongoni.
Usiukate."
Akacheka, shoka begani:
"Mwalimu, mshahara umechelewa tena?"
Akaniviringishia kwenye gazeti kitu cheupe, kilegevu,
urefu wa dhiraa,
akakataa hela.

Kipindi cha tano. Kidato cha tatu,
hamsini na nane katika chumba cha arobaini,
masweta yananuka moshi na unyevu.
Mtaala unataka Kiingereza. Nikakiandika ubaoni,
tarehe na kichwa cha somo, kisha nikakipa mgongo,
maana bonde hili hakuna aliyewahi kuumwa kichwa kwa Kiingereza.

Sogeeni. Unayeziba pua,
hiki hapa ndicho kinachokuamuru uzibe.
Huu ubongo mkubwa, tazama mikunjo,
kabichi ya Isongole iliyopasuliwa katikati.
Huu mdogo wa kisogoni ndio unaokuvusha kwenye gogo,
mto unanguruma chini, mkungu wa ndizi kichwani.
Na hapa penye shingo yuko mlinzi wa zamu:
pumzi, moyo, usiku kucha, bila posho.
"Na hesabu zinakaa wapi?" akauliza Lusekelo.
Kwako bado zinatafuta chumba cha kupanga.

Kisha nikauinua ule uzi.
Huu ni ugwe mgongo.
Ukishika sufuria ya moto, habari hukimbia na mkono,
hufika hapa, na hapa hapa amri hutoka: achia!
Kichwa hupata taarifa baadaye,
kama mkuu wa wilaya.

Wakacheka. Tusekile,
ambaye jina lake lenyewe ni kicheko, hakucheka.
"Na ukikatika?"
Nikajibu kama kitabu: chini ya jeraha
habari haziendi wala hazirudi.
"Kwa hiyo mguu ukiungua, unaungua peke yake?"

Tukasikia manyunyu juu ya bati.

Akasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma deni la dukani:
baba alianguka na magunia ya viazi, lori likiwa konani, mwaka juzi.
Jumapili alikuwa anaota moto. Ikaja harufu.
Ni yeye mwenyewe aliyeita kutoka kwenye kiti,
"Nani kasahau ndizi jikoni?"

Miaka kumi na moja nafundisha somo hili.
Nina mchoro wa neva, nina mishale miwili,
mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi.
Sikuwa na mshale wa tatu.

Kengele ilipolia akabaki.
Akaugusa uzi kwa kidole kimoja,
kama unavyogusa paji la mtoto kumpima homa.
"Ndio huu tu?"
Ndio huu.
"Mwembamba."

Wiki ile chaki zikaanza kupungua.
Nikamshuku Lusekelo, nikamfagilisha ofisi siku tatu.

Ijumaa nikapita kwao, juu ya mashamba ya chai.
Baba yake akanipokea kwa mikono yote miwili, mkavu wa utani,
akaniuliza kama ng'ombe wangu alifaulu mtihani.
Katikati ya sakafu, jiko la mkaa.
Kulizunguka jiko, mstari mweupe, duara lililopinda,
limechorwa juu ya duara la jana,
juu ya la juzi, lililofutwa na ufagio.
Miguu yake ilikuwa nje ya mstari,
soksi za sufu, vidole vimenyooka,
mimi nikivuta kiti changu nyuma bila kuambiwa.
"Huchora kila asubuhi kabla ya shule," akasema.
"Mimi moto nausoma kwa macho siku hizi."

Sikuuliza chaki zilitoka wapi.
Jumatatu nilimwomba Lusekelo radhi mbele ya wenzake,
na boksi nikaliacha mezani, wazi.