Utabeba Nini?

Gari limeinama kushoto
kama mtu anayetegea umbea wa jirani.
Fundi Nicanor amepiga goti kwenye changarawe,
utepe wa kupimia mkononi, majani ya koka shavuni.
"Vidole vinne," anasema.
"Vidole vinne chini, upande wa dereva."

Miaka thelathini na moja baba aliketi pale,
kilo tisini na tano, bila kofia.
Aliwavusha Wajerumani na Wakorea kwenye uwanda wa chumvi,
akawangoja wapigane picha,
na usiku akalala chini ya gari na ndoo ya maji
akiliosha tumbo. Chumvi, alisema,
haiumi ikikulamba. Inauma ikishakula.

Sasa ana kilo hamsini na nane,
macho yake ukungu mtupu.
Anaketi kulia,
na bado gari linainama kushoto.

Tukaenda Oruro, kwa Bibi Primitiva,
duka lenye upana wa kitanda.
Springi zimeegemezwa ukutani kama mbavu
za mnyama ambaye hakuna anayekiri kumchinja.
Hizi, majani tisa, za magari ya mgodini.
Hizi, majani sita, bado zina grisi ya kiwandani.
Na zile pembeni, zimetoka Chile, zimepakwa rangi nyeusi
jana au juzi: nilikwaruza kwa ukucha,
kutu ikanichungulia.
"Mteja utamdanganya," Nicanor akanong'ona.
"Shimo hulidanganyi."

Mimi nilizitaka za majani tisa.
Niseme ukweli, nilitaka kimo.
Nilishaliona gari limetunisha kifua
mbele ya Rufo na nduguze,
waliosema mwanamke hatalifikisha hata Challapata.

Primitiva hakuuliza nina pesa kiasi gani.
Alifuta mikono kwenye aproni:
"Utabeba nini?"

Kinoa. Magunia ishirini, mwezi wa mavuno.
"Na mwezi unaofuata?"
Mitungi miwili ya gesi.
"Na mwingine?"
Nyasi kavu za lama. Maji. Mama.
Baba, kwenda zahanati,
ameng'ang'ania mpini wa mlango kwa mikono miwili.
"Mgongo wake?"
Mbovu.

"Basi usinunue springi ya siku ya harusi.
Magunia ishirini ni siku moja, yapeleke mara mbili.
Hizo tisa, gari likiwa tupu,
zitamrusha mzee wako kama punda wa kuazima."

Nilibishana naye kuhusu bei.
Kuhusu hilo, sikubishana.

Majani sita, bushi mpya, yubolti mpya.
Za zamani zilikatwa kwa moto,
nati zilishasahau kwamba ziliwahi kuzunguka.
Kutwa nzima. Nicanor akatukana kwa Kiaymara,
kisha kwa Kihispania, kisha akanyamaza,
na hapo ndipo ya mwisho ilipoachia.

Jani refu la kushoto akalilaza kwenye saruji:
limenyooka kama rula.
La kulia bado lilikuwa na upinde kidogo,
kama nyusi ya mtu asiyesadiki.
Akayaomba yote, ayafue majembe.
Nikampa yote, isipokuwa lile lililonyooka.
Sijui la nini. Lipo nyuma ya mlango wa jikoni,
na kila anayefagia ananiuliza.

Jumapili gari likasimama sawa.
Niliweka kikombe juu ya boneti,
chai haikuegemea popote.

Baba akatoka, akaupapasa ubavu wa gari
kama mnunuzi mnadani,
akaenda kushoto, kwa mazoea,
akainua mguu pale alipouinua siku zote
na ncha ya kiatu ikagonga bati.
Akainua tena. Ikagonga.
Akasimama, kiganja juu ya paa, akisikiliza
kitu ambacho mimi sikukisikia.

"Hili gari la nani?"

Nikamshika kiwiko.
Upepo ulikuwa unaleta chumvi, laini kama unga,
na ndoo ilikuwa tayari imejaa.
"Lako," nikasema. "Zunguka tu, baba.
Mlango wako uko upande wa pili."