Kabla Hujabonyeza

Barke, mkanda shingoni kwanza.
Usicheke. Kamera yangu ya mwanzo ilinitoka mkononi
kwenye ngazi za nyumba ya kina Mwanakheri, Langoni,
ikateremka vidato kumi na kimoja,
na mimi juu nikivihesabu.

Leo ni wanawake watupu. Simu zote
zitalala mlangoni ndani ya kapu,
na jicho litakalotoka na ushahidi ni lako peke yako.
Basi nisikilize huku unakula mahamri,
kisha unawe. Mafuta na kioo hawapikiki chungu kimoja.

Betri mbili. Umezichaji? Zote?
Nenda katazame, usiniambie "nadhani".
Kadi mbili pia. Harusi nzima haiwekwi
juu ya kitu kisichozidi ukucha wa dole gumba.
Mimi niliiweka. Kadi ikafa siku ya tatu.
Mama wa bi harusi hakunigombeza, alininyamazia,
na mpaka leo tukipishana, tena kichochoro chenyewe
hakipitishi punda wawili,
hunipa bega.

Usiilaze kamera kwenye chumba cha kiyoyozi
halafu ukaitoa ghafla kwenye joto letu. Itatoka jasho.
Ifunge ndani ya mfuko, nusu saa, izoee.
Na vile vipakiti vya maboksi ya viatu
vilivyoandikwa visiliwe, usivitupe:
viweke mkobani vinywe unyevu,
ukungu usije ukaota ndani ya lenzi.

Sasa sikia. Kamera haijui Lamu.
Inadhani dunia yote ni rangi ya majivu.
Ielekeze ukuta wa chokaa, itashtuka,
itaupaka uchafu. Wewe ongeza,
alama moja, hata moja na nusu.
Ielekeze mabuibui yanayoingia mlangoni,
itayaonea huruma, itayapausha
kama yaliyomwagiwa jiki. Hapo punguza.
Cheupe ongeza, cheusi punguza.
Utadhani nimekosea kusema. Sijakosea.

Flashi ya kichwani iache ilale,
hugeuza dhahabu ya watu ikawa bati.
Pandisha ISO, elfu tatu na mia mbili, usiogope.
Chenga husameheka; mtikisiko, hapana.
Wanaocheza, sekunde igawe kwa mia mbili na hamsini.
Aliyekaa, kwa mia na ishirini na tano,
maana hata aliyekaa anapumua.

Chukua ile lenzi fupi ya hamsini,
isiyovuta. Miguu yako ndiyo itakayovuta.
Hina ipigie dirishani, mwanga uje kwa ubavu.
Uso ukiupiga, shika jicho lililo karibu nawe;
la pili likififia, hakuna atakayelidai.

Piga mbichi. Picha iliyopikwa na kamera
imeshatiwa chumvi, huwezi kuitoa.

Na kile kijigurudumu kando ya tundu la kuchungulia,
kizungushe mpaka namba za ndani zisimame wima.
Miaka miwili nililaumu lenzi,
nikaenda hata kwa daktari wa macho,
kumbe ni kidole changu kilikigusa.

Usiinamie skrini kila ukibonyeza.
Mimi nilikuwa nakisifia kikuba cha asumini,
kizuri kweli, kila ua limetulia,
wakati nyuma yangu nyanya mtu
anafuta chozi kwa pindo la leso.
Nilipoinua kichwa, leso ilishakunjwa.

Ukimaliza, kadi mkabidhi Amriya mwenyewe,
mkononi, mbele ya shahidi. Sura zile si zako.

Jambo la mwisho, na ukishalisikia usinitazame hivyo.
Yule mama wa kadi iliyokufa
ni shangazi yake Amriya. Atakuwepo,
safu ya mbele, kitambaa cha zambarau.

Anza naye.
Mwombe ruhusa kwanza, mtaje kwa jina la mwanawe.
Akigeuza bega, ngoja.
Akirudisha uso,
jicho la karibu, Barke,
pumua nje,
bonyeza.