Hesabu ya Uani, Kabla ya Vuli

Kusi limechoka. Tangu juzi
kanga za Mwanasiti kwenye kamba hazipigi makofi,
zinaning'inia tu, kama watu waliomaliza kuzozana.
Huu ndio wakati wangu. Natoa kigoda,
daftari, penseli ya kuchonga kwa kisu,
nakaa kati ya mdimu na mpera,
hapa Mtongwe, uani kwetu,
hatua kumi na nne kwa tisa.

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu makasha Kilindini.
Mkono haujui kustaafu.

Saa kumi na mbili na nusu: majimoto, mperani.
Wameshona majani matatu kuwa nyumba moja,
uzi wameutoa kwa watoto wao.
Nikisogeza kidole wanasimama kwa miguu ya nyuma.
Hawajui kwamba mti niliupanda mimi,
au wanajua, na hawaoni inahusu nini.

Saa mbili: nyuki mweusi mnene, yule mtoboa boriti.
Unga wa mbao umemwagika kwenye gazeti langu.
Fundi hakuitwa, wala hadai.

Mdimuni: viwavi saba.
Wadogo wamejivika sura ya kinyesi cha kunguru.
Sitara ya ajabu hiyo,
kufanana na kitu asichokitaka mtu.

Mwanasiti amenunua dawa Likoni,
chupa ina picha ya fuvu.
"Wewe wawaandika, wao wala.
Ndimu ya samaki tutaomba kwa nani?"
Ngoja nifunge hesabu, nikamwambia.

Siku ya nne, saba imekuwa sita.
Nimetafuta chini ya majani, shinani,
hata ndani ya kikombe cha kahawa.
Kumbe vunjajungu, kijani juu ya kijani,
anatafuna bila haraka,
kichwa akinigeuzia
kama ofisa aliyefumwa na bahasha.
Utotoni tuliambiwa ukimgusa utavunja chungu.
Sikumgusa. Nikaandika:
*Moja pungufu. Imeharibika njiani.*

Ndivyo tulivyoandika gunia likipasuka.
Ndivyo walivyoandika, mwaka ule wa mvua nyingi,
Mbwana Khatibu alipoangukiwa na kasha,
karatasi moja, yeye na mchele,
nami nikatia sahihi.

Nusu ukurasa hapa sikujaza.

Adhuhuri wamefika kerengende,
juu ya mabati, mamia, bila hati,
hakuna aliyewaona wakishuka.
Bibi yangu akisema mvua iko nyuma yao, siku nane.
Nilijaribu kuwahesabu. Nilifika arubaini
nikaanza tena, nikafika ishirini,
nikaweka penseli sikioni.

Mwanasiti amekuja na chupa yake,
ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Kiwavi mmoja, mnono, ameacha kula,
amepanda kijiti kikavu
na kujifunga uzi mmoja kiunoni,
kama mpagazi anayeegemea mzigo wake.
"Huyu naye aenda wapi?"
Sikuwa na safu ya jibu hilo daftarini.

Tulimtazama mpaka shingo zikauma.
Joto limekaa juu ya ukuta, halishuki.
Chupa iko chini ya kigoda,
sisimizi wameshaizunguka, wanaikagua.

*Sita*, niliandika.
Kisha nikafuta kwa kidole chenye mate,
nikaacha nafasi.