Makabidhiano

Nyamizi, sahihi yako hapa, chini ya yangu.
Mitaimbo sita. Spana ndefu nne, moja imepinda
lakini usiitupe, Kulwa haamini nyingine.
Bendera ya kijani moja, nyekundu mbili.
Toroli, gurudumu la nyuma linalia
tangu mvua za mwaka juzi.
Fomu ya ofisi inaishia hapo.
Haina mstari wa yale mengine,
kwa hiyo keti kidogo juu ya taruma hili bovu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Usoke
niliandika daftarini, "Nimekagua,"
nami nilikuwa kitandani, mvua ikipiga bati.
Maji yalikwisha zoa kokoto pale kalavati,
reli inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.
Mihambo ndiye aliyekwenda. Hakutumwa.
Alisimamisha treni ya mizigo kwa fulana yake ya Simba,
maana bendera nilizifungia stoo
na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Wakubwa walipokuja na kiberenge, wakauliza ni nani,
nikasema, "Ni genge langu."
Sikia neno lilivyo laini. Langu.
Wakaniandikia barua ya pongezi, yenye mhuri.

Hakuna aliyegomba. Hilo ndilo nililopaswa kuliogopa.
Walifika kwa wakati, wakainua, wakashindilia,
nikiuliza "Vipi?" wanajibu, "Salama, mkuu."
Nati iliyolegea, salama.
Taruma lililooza, salama.
Nilikuwa na watu kumi na mmoja
na macho mawili tu, yangu.

Asubuhi moja, kabla ya chai, nikasimama,
nikasoma ile barua kwa sauti.
Kisha nikafungua daftari nikausoma uongo wangu,
tarehe na saa.
Karatasi ikatetemeka, nikasingizia upepo.
Hata hapo!
Hakuna aliyepiga makofi.
Kulwa akasema, "Chai inapoa."
Tukanywa.

Usidhani walinisamehe siku ile.
Nilichongesha ufunguo wa pili, nikampa Mihambo,
akautia mfukoni bila kunitazama.
Masika nzima ilipita ndipo akaja usiku, akabisha:
"Mkuu, nilikaza vibaya pale. Twende."
Tukaenda na tochi moja, kimya njia nzima,
na sijapewa zawadi kubwa kuliko kosa lile.

Jambo jingine. Niliwaombea tiketi, genge zima,
daraja la tatu, Tabora hadi Kigoma.
Miaka tisa wanashindilia kokoto
na hakuna aliyewahi kupita juu ya kazi yake akiwa amekaa.
Mbele yetu mama mmoja wa kushukia Uvinza,
mtoto amelala mapajani, kikombe cha chai mkononi.
Behewa linarusha, chai inammwagikia vidoleni,
anapuliza, anafyonza.
Tukaingia kipande chetu.
Watu kumi na wawili tumekikodolea kikombe
kama watu wanaotazama penalti.
Haikumwagika hata tone.
Mama hakujua kitu. Alikunywa tu,
akamrekebishia mtoto kichwa.
Tulipotoka upande wa pili, chai ikaruka tena,
Mihambo akacheka hadi akafuta macho.
Tangu hapo sikuhitaji kumweleza mtu
kwa nini tunaamka saa kumi na moja.

Mimi sikuwa kiongozi mzuri, Nyamizi.
Nilikuwa mtu aliyeshikwa, akakubali kuwa ameshikwa,
akarudi kazini kesho yake.
Wewe utakuwa na makosa yako mwenyewe,
yangu nimeyamaliza.

Haya, tuendelee, jua linapanda.
Watakujaribu. Watakuambia "salama".
Nenda ukaiguse nati kwa mkono wako,
na wao wakuone umepiga magoti.
Funguo ni mbili. Huu ndio wako,
wa pili usiuulizie.
Barua ya mhuri iko ndani ya daftari, ukurasa ule ule.
Iache hapo.

Sahihi hapa. Na tarehe.
Spana iliyopinda, ihesabu kama nzima.