Sayari Hewa

Duka langu lipo Majengo, mkabala na fundi redio:
mitungi ya kilo sita, ya kilo kumi na tano,
na mmoja mkubwa wa hoteli ambao hauazimishwi.
Saa mbili usiku umeme ulikatika.
Aikande, mtoto wa dada, kidato cha tatu,
akanitoa nje na darubini aliyoazimwa na mwalimu Kimambo.
"Mama mdogo, ile pale, juu ya bati la mashine ya kusaga.
Mshtarii."

Niliona tone la samli na punje nne pembeni,
zimejipanga kama kuku wanaosubiri kufunguliwa.
Nikauliza, nani anaishi huko?
Akacheka. Hakuna pa kuishi. Hakuna hata pa kusimama.
Ni haidrojeni na heli, basi.
Ukishuka, unashuka tu.

Nikasema: kumbe ni sayari hewa.
Vitu hewa tunavijua.
Walimu hewa kwenye orodha ya mishahara,
kisima hewa chenye bango, risiti na mgeni rasmi,
na Baba, Mungu amweke pema,
ambaye wajomba walimwita Hewa mbele ya wanawe
kwa viwanda alivyovijenga kwa mdomo
kati ya kata ya kwanza ya mbege na ya tatu.

Aikande hakubisha. Aliingia dukani gizani,
akauinamisha mtungi wa kilo kumi na tano, akautikisa.
"Sikiliza."
Chwa. Chwa, ndani ya chuma.
Miaka tisa nauza gesi, kila siku naisikia ikisukasuka,
sikuwahi kujiuliza gesi imepata wapi maji.
"Imebanwa," alisema. "Kule nako inabanwa,
ila hakuna chuma. Inajibana kwa uzito wake,
hewa imekalia hewa iliyokalia hewa,
mpaka inakuwa kimiminika,
mpaka chini kabisa inageuka kama madini,
inapitisha umeme."
Umeme! Na sisi tumesimama gizani.

Moshi tumezoea wingu lenye kitu nyuma yake.
Unasubiri, asubuhi linafunguka, Kibo huyo,
jiwe na theluji iliyobaki.
Kule ukifunua wingu la amonia unakuta wingu,
mistari ya kahawia na nyeupe, kitenge kilichochuja,
na kimbunga chekundu, kikubwa kuliko dunia nzima,
kilichoanza kuzunguka kabla kahawa haijaujua mlima huu.
Hata katikati? nikamuuliza. Hata kokwa?
Kokwa ipo, alisema, lakini imeyeyukia humo humo,
haijulikani inaanzia wapi.

Nikakumbuka mgomba.
Nilikuwa na miaka saba, Kibosho, na kisu cha mama,
nataka kuuona mti ulio ndani ya mgomba.
Nikabandua gamba, gamba, gamba,
utomvu ukaniharibia gauni,
nikafika mwisho sijakuta mti.
Nilichapwa.
Mgomba ule ulikuwa umebeba mkungu
ambao Baba na shangazi waliubeba wawili, wakipumzika njiani.

"Na inatoa joto," alisema Aikande,
"zaidi ya lile inalopata toka juani.
Haijamaliza kupoa tangu iumbwe."
Sikujibu.
Siku ya msiba tulihesabu waliokuwa wakila kwa Baba:
kumi na tisa, wengine hata majina hatukuyajua,
kwa mtu asiye na shamba wala mshahara.
Wajomba ndio waliolia sana.

Umeme uliporudi, mashine ikaunguruma,
lile tone likafifia.
Mteja alikuwa mlangoni na mtungi mtupu begani.
Nikampa uliojaa, nikaupima mbele yake.
Kabla sijamkabidhi niliutikisa,
tukasikiliza wote watatu.